Betri Mbili na Mkebe wa Rangi ya Viatu

Sisi tuliolelewa na redio yenye koti la ngozi tunajuana. Mtu wa rika letu ukimwambia "usiguse," mkono unarudi nyuma wenyewe kabla hajauliza ni nini kisichoguswa. Vijana wa leo ukiwaambia usiguse, wameshagusa, wamepiga picha na wametumia wenzao. Siwalaumu sana. Hawakulelewa na redio ya baba yangu.

Ilikaa juu ya kabati la vyombo, kwetu Kapseret, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama mwenyewe. Koti lake lilikuwa la ngozi ya kahawia, na mbele ya spika lilikuwa limetobolewa matundu madogo kwa mistari. Baba alifanya kazi ya msitu mbali na nyumbani, tukamwona mwisho wa mwezi tu. Akiwapo, yeye ndiye aliyefungua redio na kuifunga. Akiondoka, mamlaka hayo yalikwenda kwa Mama, na sisi watoto wanne tukabaki raia. Ilifunguliwa saa saba mchana kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ikafunguliwa tena jioni, basi. Kama baada ya taarifa kulikuwa na wimbo unaoupenda, pole yako. Mama alikuwa anasema, "Betri haimei shambani," na hapo hapo anazima.

Wacha niseme kidogo kuhusu betri, maana ndipo tunapoachana na watoto wetu. Redio yetu ilikula betri nne kubwa. Zikianza kuchoka zilianikwa juu ya mabati kutwa, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuzigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Zikichoka tena zilihamia kwenye tochi. Tochi ikizikataa, zilichemshwa kwa sufuria kuukuu, na kuna watu waliziuma kwa meno mpaka zikaingia mabonde. Zikifa kabisa tulizipeleka shuleni, tukazipasua kwa mawe, tukautwanga ule unga mweusi pamoja na majani na kupaka ubao wa darasa. Kwa hiyo betri iliyomletea baba yako habari za dunia ndiyo iliyokufundisha hesabu ya kugawanya. Leo binti yangu Njeri simu yake ikifika asilimia ishirini anazunguka nyumba nzima akitafuta chaja, na uso wake ni wa mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la sita. Hizo zilikuwa siku ambazo nchi nzima inaimba. Kila shule, kila kanisa, kila kikundi cha kina mama kilikuwa na kwaya, na kila kwaya ilikuwa na wimbo wa maendeleo. Wengine waliimba usafi wa choo, wengine elimu ya watu wazima. Kina mama wa kanisa letu waliangukia udongo. Wimbo wao ulikuwa wa kuzuia udongo usibebwe na mvua, na ndani yake mlikuwa na kupanda miti, kuchimba mitaro na kupanga mawe kwenye makorongo. Msicheke. Sisi watoto tulikuwa tunapanda miche kwenye pakiti za maziwa ya Nyayo tuliyopewa bure na serikali shuleni, zile za pembe tatu, kwa hiyo wimbo huo kwetu ulikuwa habari ya kweli.

Sehemu ya kuimba peke yake ilikuwa ya Mama Chelagat, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Yeye alizaliwa hapo hapo Uasin Gishu, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye kituo cha maziwa cha ushirika, kule tulikopeleka mikebe asubuhi. Mama yangu aliletwa kutoka upande wa Nyeri akiwa bibi-arusi, na Kiswahili chake hakikuwahi kutoka Nyeri. Wawili hao waliazimana moto, chumvi na wembe, na walinuniana kila baada ya wiki mbili, kwa zamu. Sasa, siku ambayo watu wa redio walikuja mjini Eldoret na mashine yao ya kunasa sauti, Mama Chelagat aliamka na homa. Alipofungua mdomo ukatoka upepo tu. Mwalimu wa kwaya akatazama huku na huku, akamsukuma Mama mbele.

Sikuwapo ukumbini, lakini nilisimuliwa na kila mtu aliyekuwapo. Mama aliimba. Mstari wa mwisho wa sehemu yake ulikuwa "Mvua pita, udongo niachie," na hiyo "niachie" ilipanda juu kama ngazi. Wakati wa kurudi nyumbani, Mama Chelagat, na hiyo sauti yake ya upepo, akamwambia, "Mama Wambui, umeimba. Lakini pale kwa niachie imepasuka kidogo. Hao watu wanaweza kukata."

Mama alicheka. Ila tangu siku hiyo alianza kuuliza. Aliwauliza wenzake mmoja mmoja, "Nilimaliza, ama sikumaliza?" Mmoja alisema ulimaliza, mwingine akasema sikusikiliza nilikuwa ninaogopa ile mashine, wa tatu akasema Mungu ndiye anajua. Nilimsikia zizini akikamua na kurudia ule mstari mmoja, akifika kwa niachie ananyamaza. Mama yangu hakuwahi kusimama mbele ya watu kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtu wa kukaa safu ya nyuma. Halafu pasta akatangaza kanisani kwamba kwaya yetu itasikika Jumapili inayofuata, saa tisa alasiri, na kila mtu akajua ni redio gani itasikilizwa. Upande wetu redio zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, na alikuwa ameibeba kwenda nayo Plateau, ambako mke wake alilazwa kwenye hospitali ya misheni.

Alhamisi Mama akaamua betri zichemshwe, ili Jumapili ziwe na nguvu. Sasa hapa lazima niseme ukweli. Mtu aliyetufundisha kwamba betri ikichemshwa huanikwa kutwa nzima kabla ya kurudishwa ni yeye. Siku hiyo alishindwa kungoja. Alizitoa kwenye maji, akazifuta kwa aproni, akazirudisha zikiwa bado za moto na unyevu. Redio ilisema maneno mawili matatu, ikakohoa, ikanyamaza. Tulipofungua nyuma tukakuta zile springi zina kitu cheupe na cha kijani, na uzi mmoja wa waya umekatika. Mama alikaa chini sakafuni. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa sakafuni mchana.

Asubuhi ya Ijumaa aliniamsha mapema. Ilikuwa likizo ya Agosti. Yeye hangeweza kwenda, kulikuwa na ng'ombe na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi mkubwa ndiye niliyetumwa mjini. Alichukua msumari, akafungua redio, akachora W ya jina langu, Wambui, kwenye mgongo wa spika. "Kaa hapo mpaka aimalize," akaniambia. "Fundi akienda choo, wewe usiende. Usitoe macho kwa hiyo redio. Ukirudi na spika ya mtu mwingine, utalala kwa huyo mtu mwingine."

Wasomaji wa rika langu wanajua habari ya kukalia redio, lakini pengine kuna mtoto anasoma juu ya bega lenu, kwa hiyo nitaeleza. Enzi zetu hukumwachia fundi kitu ukaenda zako. Ilijulikana, iwe kweli au uongo, kwamba fundi akibaki peke yake na redio yako anaweza kutoa kitu kizima akakuwekea kilichochoka, na wewe utajulia wapi. Kwa hiyo kila fundi alikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wenye mali, kila mmoja ametupa jicho kwenye kitu chake. Watu walikuja na chai kwenye chupa. Walikuja na viazi vya kuchemsha. Kama kazi ni ya siku tatu, unakaa siku tatu.

Fundi Barasa alikuwa na meza yake kwenye veranda ya duka moja la vitambaa. Nilipofika, mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja kutoka Chepsaita, ameketi na redio kubwa ya mbao mapajani kama mtu aliyempakata mjukuu. Fundi alinitazama, akatazama redio.

"Wacha hapa, ukuje Jumatatu."

"Siwezi kuwacha," nikasema. "Na siwezi kukuja Jumatatu. Jumapili lazima iwe inasema."

"Kwani Jumapili kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, homa ya Mama Chelagat, niachie, betri kwenye sufuria. Sikulia. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitalia, na nilikuwa nimeapa pia kwamba sitoki kwenye hiyo veranda bila redio inayosema. Kama angenifukuza ningekaa kwenye ngazi. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, anza na ya huyu mtoto. Yangu imenyamaza tangu mahindi ipandwe. Haiwezi kukufa zaidi leo."

Fundi akafungua. Akaona ile W.

"Hii ni redio ama ni ng'ombe?"

"Ni ya Mama."

"Mama yako anafikiri mimi ni mwizi?"

"Hapana. Amesema tu nisitoe macho."

Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Basi sogea hapa. Ukiwa huko kwa benchi huwezi kuona kitu."

Ndivyo nilivyofika upande wa pili wa meza. Alisugua springi kwa msasa, akanipa moja nisugue mimi. Akanionyesha ule uzi uliokatika na mahali ulipotoka. Alipopasha moto kile chuma chake cha kulehemu alinipa koleo nishike waya, akaniambia nikitetemeka tutaanza upya. Sikutetemeka. Moshi ule una harufu yake, ukiwahi kuuvuta huwezi kuusahau, na mpaka leo ndio harufu ya nguo zangu za kazi. Ilipofika saa nane, kwa betri za fundi mwenyewe, redio ilipasuka kwa muziki, na yule mzee wa Chepsaita akapiga makofi peke yake. Jioni ile kama ungeniuliza ninataka kuwa nani, nisingesema nesi wala mwalimu kama wenzangu.

Kilichobaki kilikuwa betri. Mama alinipa pesa za betri nne mpya. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna. La tatu mwenye duka akasema ziko, lakini betri haitoki peke yake. Siku zile kitu kikiadimika, mwenye duka anakufungia na kile kisichotoka. Ukitaka sukari, beba na majani ya chai yaliyolala. Kwangu ilikuwa rangi ya viatu, nyeusi, mkebe mmoja kwa kila betri mbili. Nilimwomba, nikamwambia tuna haraka, akaniambia hata yeye ana haraka ya kumaliza rangi. Pesa zangu zikatosha betri mbili na mkebe mmoja. Alizijaribu mbele yangu kwa balbu ya tochi, kama ilivyokuwa desturi, zikawaka sawasawa. Nyumbani kwetu viatu vya ngozi vilikuwa vya Baba peke yake, na vilikuwa miguuni mwake huko msituni.

Njeri hunilalamikia siku hizi kwamba akitaka kutazama kitu cha dakika mbili kwenye simu, lazima kwanza atazame tangazo la dawa ya meno. Anaona ni uonevu mpya umeletwa na kompyuta. Mimi humwambia hiyo ni rangi ya viatu tu, imebadilisha mkebe. Hata hizi programu zinazokuambia ukitaka taa ya tochi kwanza tuonyeshe majina ya jamaa zako wote, ni yule mwenye duka. Tofauti ni kwamba yule wangu nilimwona uso.

Basi nikatia betri mbili mpya na mbili za kuchemshwa, zile zilizokuwa na afya kidogo, nikaning'iniza redio begani na kushika njia ya Kapseret. Na hapa ndipo niliposahau kila kitu nilichofundishwa. Niliifungua. Nilikuwa nimeitengeneza, jamani, kwa mkono wangu. Nilitembea na muziki kutoka mjini mpaka karibu na nyumbani. Ng'ombe waliinua vichwa, watoto wakatoka mbio kwenye vijia wakanifuata, mama mmoja akaacha jembe akanicheka. Sikuwahi kujiona mkubwa namna ile. Nilipouona ua wetu nikazima, nikaingia kwa adabu. Mama alikagua ile W kabla hata ya kunipa uji. Kuhusu barabarani sikusema neno.

Jumamosi zile betri mbili za zamani zilishinda kwenye mabati, nikazigeuza mwenyewe, na kila nikizigeuza nilizisihi kimoyomoyo. Jua la Agosti kwetu ni la kuazima. Lilitoka saa tano, likarudi mawinguni saa nane.

Jumapili baada ya kanisa boma letu likajaa. Kwaya nzima ilikuja na sare, vitambaa vyeupe kichwani, utadhani redio itawaona. Mama Chelagat alileta mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, sauti yake imerudi lakini anaitumia kidogo kidogo. Redio iliwekwa juu ya mkebe wa maziwa uliogeuzwa chini juu, na waya ukafungwa kutoka kwenye antena mpaka kwenye mabati. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Krismasi. Hakuketi. Alisimama akashika mgongo wa kiti.

Saa tisa kasoro dakika chache nikafungua. Sauti ilitoka, lakini ilikuwa ya mtu aliye ndani ya debe. Wakasema ongeza. Nikaongeza mpaka mwisho. Mtangazaji akataja kwaya ya kina mama kutoka Eldoret, na wote wakaguna kwa furaha, na katika ule mguno tukapoteza maneno mawili. Wimbo ukaanza. Sauti ikawa inashuka, inashuka, kila mtu anainamia mkebe, na mimi nilijua ni nini kilichoila ile nguvu, nilikijua kilometa kwa kilometa. Mtu akasema toa betri uziume. Mwingine akasema ukitoa mtakosa yote. Ubeti wa pili haukusikika tena kwa aliyesimama. Baada ya huo ndiyo sehemu ya Mama.

Mama Chelagat aliinama kuweka sikio. Mama akamzuia.

"Si wewe," akasema. Halafu akanigeukia. "Wambui. Wewe ndiye uliikalia. Weka sikio."

"Si uweke wewe, Mama."

"Mimi siwezi."

Akatugeuzia mgongo. Alitembea mpaka kwenye kamba ya nguo akasimama hapo, akishika shuka iliyoanikwa. Nikapiga magoti, nikabandika sikio kwenye yale matundu ya ngozi. Boma lote likanyamaza, hata watoto.

Nilimsikia. Ninasema haya mbele ya Mungu, nilimsikia. Sauti ilikuwa ndogo, ya mbu, lakini ilikuwa Mama yangu na Nyeri yake yote. Aliimba kwamba udongo ukienda tutalima nini. Aliimba kwamba miti ni shati la mlima. Hakuwa na haraka, hakuwa mtu wa safu ya nyuma. Moyo wangu ulijaa mpaka nikaogopa utazuia sikio. Akafika, "Mvua pita," na akavuta pumzi, niliisikia ile pumzi, na redio ikafa.

Nilikaa na sikio pale pale. Hakukuwa na kitu, hata mkwaruzo. Nilihesabu moyoni muda ambao "udongo niachie" ungechukua, na hata baada ya hapo nikaongeza kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipoinua kichwa Mama alikuwa bado amenipa mgongo.

"Nilimaliza?" akauliza.

"Ulimaliza, Mama."

"Hapo kwa niachie?"

"Ulimaliza vizuri kabisa. Haikupasuka."

Mama Chelagat alinitazama. Alikuwa amekaa karibu yangu kuliko mtu mwingine yeyote, goti lake liligusa mkebe, na ninaamini alijua redio ilizima lini. Alinitazama muda ambao mtoto mwenye kosa huuona mwaka. Kisha akasimama, akakung'uta sketi, akasema kwa sauti yake yote iliyorudi, "Hata mimi nimesikia kutoka hapa. Ilipanda mzuri. Ni mimi nilikuwa na homa kwa masikio." Na akaanza kumimina mursik.

Mama alibaki kwenye ile kamba muda kidogo, akajifuta uso kwa shuka safi ambayo angetupiga tukiigusa kwa mikono michafu. Tangu siku hiyo aliimba mbele. Miaka mingi aliimba mbele, yeye na Mama Chelagat wakibadilishana, na hata walipozeeka na kwaya ikachukuliwa na wasichana wenye kinanda cha umeme, bado waliitwa kuanzisha. Baba alipokuja mwisho wa mwezi tukamuuliza kama alisikia. Alisema siku hiyo walikuwa wakizima moto kwenye miche, saa ikampita. Mama hakununa. Alimwambia, "Muulize Wambui. Yeye alisikia."

Na aliendelea kuniuliza. Si mara nyingi, pengine mara moja kwa mwaka, tukimenya viazi au tukingoja maziwa yachemke. "Kweli nilimaliza?" Nami nikasema ulimaliza. Habari ya kufungua redio barabarani nilimwambia nikiwa mtu mzima, akacheka mpaka akashika kiuno. Lile lingine sikumwambia. Niliamua siku ile nikiwa nimepiga magoti, na sikuwahi kubadilisha, na mara ya mwisho aliponiuliza alikuwa kitandani, hawezi kuinua kikombe, na nikamwambia kwa sauti ile ile. Tulimzika mwaka jana, Kapseret. Mama Chelagat aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, na ndiye aliyeanzisha wimbo.

Leo nina kibanda changu mjini, ninatengeneza simu. Mafundi wengi wa rika la mwanangu hunishangaa, mama mzima na chuma cha kulehemu. Benchi ninayo, lakini haikaliwi. Mteja ananitupia simu yenye picha zake, pesa zake, barua zake za mapenzi, anasema nitapitia jioni, anakwenda. Mama yangu alilinda spika. Hawa hawalindi chochote. Ama wananiambia wacha tu, nitanunua ingine. Na zenyewe simu zimetengenezwa zisifunguliwe. Betri imegandishwa kwa gundi, huwezi kuianika, huwezi kuichemsha, na kampuni inakuambia ikichoka tupa yote. Mimi situpi. Ninapasha gundi moto taratibu, ninafungua. Kitu ambacho hakifunguliwi mimi sikiiti changu.

Wiki mbili zilizopita Njeri alikuja kibandani, akakaa kwenye ile benchi. Nilikuwa nimemsimulia habari za ile Jumapili, zote isipokuwa pumzi. Akaniambia kanda za zamani za redio siku hizi zinatiwa kwenye mtandao, watu wanazipata, kwaya za shule, hotuba, kila kitu. Alikuwa na simu mkononi tayari.

"Naandika tu kwaya ya kina mama, Eldoret, udongo. Dakika moja, Mum. Ikiwa iko, utamsikia Shosho leo."

Sina sauti ya mama yangu popote. Alikuwa anakimbia simu zetu, tukimrekodi anafunika mdomo kwa leso. Kuna siku ninafungua mfereji nikifikiri nimemsikia nje. Ningetoa kibanda hiki na vyote vilivyomo nimsikie akiimba shati la mlima mara moja tu. Na baada ya hiyo ingekuja ile pumzi, na baada ya pumzi mashine ingeniambia kile nilichokataa kukijua kwa miaka yote hii, na Njeri angekisikia, na angewatumia binamu zake wote kabla sijavuta pumzi yangu.

Nikaweka mkono juu ya simu yake, na ulikuwa na mafuta ya kazi.

"Wacha," nikamwambia.

"Kwani hutaki kumsikia?"

"Ninataka sana."

Alinitazama kama Mama Chelagat alivyonitazama. Watoto wa leo wanahakikisha kila kitu. Ukiwaambia mvua imenyesha wanatazama kwenye simu. Sisi tulikuwa na neno la mtu aliyeweka sikio, na tulilala nalo, na tulizeeka nalo, na mama yangu alitoka safu ya nyuma kwa hilo neno. Sina nia ya kumrudisha.

"Sasa tutajuaje kama alimaliza?" Njeri akauliza.

"Alimaliza," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa hapo. Weka simu mfukoni, unishikie hii waya."